Kanda za Redio na Historia ya Muziki wa Mipakani: Rekodi za Papo kwa Papo za Orchestra Maquis

Utangulizi

Historia ya muziki wa dansi wa Afrika Mashariki na ya Kati imeandikwa, kwa sehemu kubwa, kwa kufuata miji mikuu. Bendi inayotajwa sana ni ile ambayo mji mmoja uko tayari kuidai kuwa yake. Orchestra Maquis haikuwa na bahati hiyo. Ilizaliwa Katanga, ikakomaa Dar es Salaam, ikaimba Kiswahili kwa sauti za Wakongo. Wapenzi wa rumba ya Kongo, ambao mara nyingi macho yao yako Kinshasa na masikio yao yako kwenye Lingala, huiona kuwa bendi ya Watanzania. Wapenzi wa dansi ya Tanzania huitaja kwa heshima, lakini ubishi wao mkubwa umebaki kuwa kati ya Msondo na Sikinde. Hivyo Maquis imekuwa kama mgeni wa kudumu katika nyumba mbili, anayekaribishwa kote lakini asiyerithi popote.

Lengo la makala haya ni kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba uzito wa bendi hiyo haupimwi vizuri kwa santuri zake chache, bali kwa rekodi zilizofanywa papo kwa papo, yaani bendi nzima ikipiga kwa pamoja, mara moja, bila kurekebishwa baadaye. Pili, kwamba wapenzi wa kawaida walionakili na kutunza rekodi hizo wamefanya kazi ya nyaraka ambayo mwanahistoria na mwanaisimu hawana budi kuitumia. Suala hili litatazamwa kutoka ukanda wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, yaani Uvira, bonde la Ruzizi na nyanda za Rurambo zilizo juu yake. Eneo hilo liko pembeni mwa Kongo kwa mtu anayeangalia kutoka Kinshasa, lakini liko katikati kwa mtu anayefuata njia za Kiswahili.

Safari ya bendi

Asili ya Maquis ni Kamina, katika Katanga, ambako kundi la vijana lilianza kupiga muziki katika miaka ya uhuru. Baada ya kuhamahama, bendi iliingia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikijulikana kwa jina la Orchestra Maquis du Zaïre, jina ambalo lenyewe ni alama ya wakati, kwani nchi ya Kongo ilipewa jina la Zaire tarehe 27 Oktoba 1971. Baadaye bendi ilijiita Orchestra Maquis Original. Kiongozi aliyejulikana zaidi alikuwa mpiga saksafoni Chinyama Chiyaza. Katika safu zake walipita wapiga gita kama Nguza Viking na Dekula Kahanga, aliyepewa jina la utani la Vumbi, na waimbaji kama Tshimanga Kalala Assosa, Kikumbi Mwanza Mpango maarufu kwa jina la King Kiki, na Kasaloo Kyanga. Miongoni mwa nyimbo zilizoipa bendi jina ni "Karubandika" na "Ngalula". Ukumbi uliohusishwa nayo sana ni White House wa Ubungo.

Yafaa kutilia mkazo jambo moja la kiutawala, kwa sababu ndilo linaloeleza mengi ya yaliyofuata. Bendi kubwa za Tanzania za wakati ule zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika nayo ilibadili jina: JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilichukuliwa baadaye na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Jeshi, polisi na umoja wa vijana vilikuwa na bendi zao. Maquis haikuwa na chombo cha umma nyuma yake. Wanamuziki walijiendesha kama kampuni yao wenyewe, iliyojulikana kwa kifupi kama OMACO. Uhuru huo ulikuwa fahari yao, lakini ulikuwa na gharama. Bendi ya shirika huacha mafaili, picha na barua katika kabati la ofisi. Bendi inayojimiliki huondoka na karatasi zake, na Maquis ilipofifia katika miaka ya 1990 hapakuwa na ofisi iliyobaki na kumbukumbu zake. Kumbukumbu kuu iliyobaki ni sauti.

Majina mawili na kumbukumbu moja

Kwa msomaji wa Uvira, majina ya bendi hii yana mwangwi ambao pengine msikilizaji wa Dar es Salaam hakuusikia. Neno "maquis" katika Kifaransa lina maana ya pori la vichaka, na tangu Vita Kuu ya Pili limekuwa na maana ya maficho ya wapiganaji wa msituni. Katika Kivu ya Kusini neno hilo si la kamusi tu. Mwezi Mei 1964 waasi waliiteka Uvira, na tangu mwaka 1967 chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kilikuwa na maficho yake katika milima ya Fizi. Kwa wenyeji wa huko, "maquis" ilikuwa mahali panapojulikana, penye njia zake na hofu zake.

Kama ilivyokuwa kawaida ya bendi za Dar es Salaam, Maquis nayo ilikuwa na mitindo, kila mmoja na jina lake na namna yake ya kucheza. Mmojawapo uliitwa Kamanyola, ambao wapenzi waliuita pia Kamanyola bila jasho. Kamanyola ni mji mdogo ulio upande wa kaskazini wa bonde la Ruzizi, pale Kongo inapokutana na Rwanda na Burundi. Mapigano ya hapo ya mwaka 1964, dhidi ya waasi walewale, yaligeuzwa na serikali ya Mobutu kuwa hadithi ya ushujaa wake. Jina hilo lilipewa divisheni ya jeshi, viwanja vya michezo na hata meli ya rais.

Kwa hiyo bendi moja ilibeba neno la waasi katika jina lake na jina la ushindi wa serikali katika mtindo wake. Si lazima kudhani kwamba wanamuziki walikusudia maana hizo mbili zigongane. Maneno ya kisiasa yanapovuka mpaka hupoteza makali, na huko Dar es Salaam Kamanyola ilibaki kuwa namna ya kutikisa mabega. Lakini msikilizaji aliye juu ya bonde la Ruzizi, ambaye jina hilo lilikuwa la sokoni kwake, alisikia redio ya nchi nyingine ikilirudisha kwake likiwa limevuliwa bunduki. Hili ni jambo la historia ya jamii, na ushahidi wake hauko katika nyaraka za serikali. Uko katika kanda.

Santuri, kanda ya redio na kaseti

Rekodi za bendi kama Maquis zinaweza kugawanywa katika aina tatu, na tofauti zake si za kiufundi tu.

Ya kwanza ni santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri kilichofanya kazi, hivyo bendi zilitegemea Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwezi Februari 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, njia hiyo ikawa ngumu, na mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Zaidi ya hayo, santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika chache tu kwa kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza yenye mashairi upande mmoja, na sehemu ya pili, ambako magita huachiwa nafasi na wachezaji huchangamka, upande wa pili. Msikilizaji alilazimika kuinuka na kugeuza santuri pale hasa ambapo wimbo ulikuwa unapanda.

Ya pili ni kanda ya redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965, ilizirekodi bendi kwa ajili ya vipindi vyake, si kwa ajili ya kuuza. Vipaza sauti vilikuwa vichache, bendi ilipiga kwa pamoja, na mlio ulikwenda moja kwa moja kwenye ukanda wa sumaku. Kilichokosewa kilibaki, labda wimbo mzima urudiwe. Kwa sikio lililozoea studio za leo hali hiyo ni upungufu. Kwa mwanahistoria ni faida, kwa sababu kinachosikika ni uwiano halisi wa bendi: gita la solo likijibizana na gita la pili, saksafoni ikiingia baada ya ishara ya mwimbaji, mpiga ngoma akibadili mapigo kabla ya wengine.

Ya tatu ni kaseti ya mpenzi. Kaseti ndogo ililetwa sokoni na kampuni ya Philips mwaka 1963, na redio zenye kinasa sauti zilipoenea, msikilizaji aliweza kunasa kipindi kilipokuwa hewani, au kunakili kaseti ya jirani. Hapa ubora ulishuka kwa sababu zinazojulikana. Kanda ya studio ina upana wa takriban milimita 6.3 na hukimbia sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Kaseti ina upana wa chini ya milimita 4 na hukimbia chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Kila nakala huongeza mvumo wake juu ya mvumo wa nakala iliyotangulia. Lakini kaseti ilinasa pia kile ambacho kanda ya studio haikuwa nacho: sauti ya mtangazaji, saa, salamu za wasikilizaji, na kupanda na kushuka kwa mawimbi ya usiku. Ilinasa, kwa maneno mengine, wimbo pamoja na usikilizwaji wake.

Lugha katika rekodi

Umuhimu wa rekodi hizi kwa taaluma ya Kiswahili haujapewa nafasi inayostahili. Wakongo kuimba kwa Kiswahili halikuwa jambo jipya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda katika Katanga, na wimbo wake "Masanga" ukafika mbali kuliko mwimbaji mwenyewe alivyoweza kutarajia. Maquis na bendi za jamii yake, hata hivyo, zililazimika kufanya jambo gumu zaidi: kuimba Kiswahili cha Katanga mbele ya hadhira iliyolea Kiswahili sanifu, na kupitia redio ya taifa iliyokuwa mojawapo ya vyombo vikuu vya kukieneza.

Kiswahili cha mashariki ya Kongo kina dalili zinazojulikana. Kiambishi ba- husikika mahali pa wa-, kiambishi tamati -ka huonyesha mazoea, na mu huchukua nafasi ya katika. Katika mashairi yaliyotungwa na kufanyiwa mazoezi, mwimbaji angeweza kuzificha dalili hizo. Katika sehemu ya pili ya wimbo, ambako waimbaji huitana majina, humsifu mpiga gita na kuwahimiza wachezaji, hakuna muda wa kujisahihisha. Hapo ndipo mtafiti atarajie kusikia lugha ikichanganyika: Kiswahili cha nyumbani, Lingala, neno la Kifaransa, na msemo mpya wa mitaa ya Dar es Salaam. Na hapo ndipo hasa santuri ilipokata au kufupisha. Rekodi ya papo kwa papo iliyo kamili ni, kwa hiyo, sampuli ya mazungumzo ya wahamiaji, iliyohifadhiwa bila ya mtu yeyote kukusudia kufanya utafiti wa isimu.

Mpenzi kama mtunzaji

Wasomi hupenda kumwona mpenzi wa muziki kuwa mtu wa kumbukumbu tamu, anayejua nyimbo lakini hajui historia. Mfano wa Marekani unafaa kutumika hapa. Wapenzi wa bendi ya Grateful Dead walikuwa wakirekodi maonyesho yake kwa vinasa sauti vyao na kubadilishana kanda bila kuuziana. Mwaka 1984 bendi ikawatengea rasmi sehemu yao ukumbini. Onyesho la tarehe 8 Mei 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell, lililorekodiwa na fundi wa bendi, Betty Cantor-Jackson, lilizunguka kwa miongo kadhaa katika nakala za mikononi. Mwaka 2011 likachaguliwa kuingia katika hazina ya taifa ya rekodi inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na likatolewa rasmi mwaka 2017. Taifa lilipokea kutoka kwa wapenzi kitu ambacho wapenzi walikuwa wamekwisha kukipima, kukilinganisha na nakala nyingine na kukipa tarehe.

Jambo la kujifunza kwao si mapenzi yao, kwani mapenzi yako kila mahali. Ni desturi yao ya kuandika: siku, mahali, nani alirekodi, na nakala imetoka kwa nani. Kaseti ya Maquis iliyoandikwa "Maquis, nzuri sana" ni furaha ya mwenyewe. Kaseti iliyoandikwa mwaka, kituo cha redio na jina la aliyeinakili ni hati.

Karibu zaidi na nyumbani kuna mfano wa Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy na baadaye akaongoza Super Matimila. Kanda yake ilipelekwa Ulaya na rafiki, ikafika kwa waandaaji wa WOMAD, na mwaka 1988 ikatoka albamu ya "Nalilia Mwana". Mwaka uliofuata Real World wakatoa "Songs for the Poor Man". Sifa ya Remmy ilikuwa halali. Hata hivyo, tofauti ya umaarufu kati yake na Maquis nje ya Afrika Mashariki haitokani na kipaji peke yake. Inatokana pia na kanda ipi ilimfikia nani.

Haki ya mwanamuziki

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuwasifu wanaonakili bila kuuliza nani alilipa. Grateful Dead waliruhusu, na waliruhusu kwa sababu viingilio vya maonyesho viliwatosha. Wanamuziki wa Dar es Salaam hawakuulizwa. Rekodi ya redio ilipigwa hewani mara nyingi bila kumletea mpigaji riziki ya maana, na kaseti zilizonakiliwa na kuuzwa madukani katika miaka ya 1980 na 1990 zilimtajirisha muuzaji. Sheria mpya ya hakimiliki ya Tanzania ilipitishwa mwaka 1999, wakati siku kuu za Maquis zilikuwa zimepita.

Hivyo basi ni lazima kutofautisha kutunza na kuuza. Aliyenasa wimbo usiku na kuuhifadhi nyumbani hakumnyang'anya mwimbaji soko, kwa sababu wimbo huo haukuwa sokoni. Lakini hazina yoyote itakayoundwa leo kutokana na kaseti hizo itakuwa na deni kwa wanamuziki walio hai na kwa jamaa za waliofariki: kwanza deni la kutaja majina, kisha deni la fedha pale fedha itakapopatikana. Kutaja majina si jambo dogo. Katika kaseti nyingi jina la bendi lipo, lakini mpiga gita la besi au mpiga ngoma hana jina kabisa.

Hatari na kazi iliyobaki

Ukanda wa sumaku haukutengenezwa kudumu. Gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu na kuwa ya kunata, unga hubanduka, joto hupinda plastiki. Katika ukanda wa Uvira hatari hizo za kawaida zimeongezwa nyingine. Vita vilivyoanza mwezi Oktoba 1996 viliwavusha watu wengi ziwa hadi Kigoma, katika makambi ya Nyarugusu na Lugufu, na katika nyanda za Rurambo vijiji vimehama zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Hachukui sanduku la kaseti. Katika Aprili 2020 mafuriko ya mto Mulongwe yalibomoa nyumba mjini Uvira na kuua watu, na miaka iliyofuata maji ya ziwa yenyewe yalipanda hadi mitaani. Kilichokuwa kimesalimika katika vita kilikutana na maji.

Kazi inayowezekana haihitaji mtambo mkubwa. Inahitaji kwanza orodha: nani ana nini, imeandikwa nini juu yake, ilinakiliwa wapi. Pili, inahitaji masimulizi ya wasikilizaji wenyewe, yakikusanywa katika Kiswahili chao na katika Kifuliiru, Kivira, Kinyindu na Kinyamulenge, kabla ya kizazi kilichosikiliza redio za transista katika miaka ya 1970 na 1980 kuondoka. Tatu, inahitaji kuhamishia sauti katika kompyuta kwa uangalifu, bila kufuta mvumo kwa bidii inayofuta pia pumzi ya mwimbaji. Wanafunzi wa isimu na wa historia wanaweza kuigawana kazi hiyo, na kila kaseti ikawa zoezi la unukuzi.

Hitimisho

Mwaka 2021 ulileta heshima mbili. Mwezi Novemba UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwezi Desemba iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Rumba iliyoimbwa na Wakongo kwa Kiswahili inasimama katikati ya heshima hizo mbili, na ina haki ya kudai sehemu katika zote mbili. Ili idai, inahitaji ushahidi, na ushahidi wenyewe ni kanda: zile zilizo katika rafu za redio ya taifa ya Tanzania, na zile zilizo katika masanduku ya watu wasiojua kwamba ni watunza nyaraka.

Orchestra Maquis ilipuuzwa si kwa sababu ilipiga vibaya, bali kwa sababu ilipiga mahali ambapo ramani za wasomi zilikuwa na mstari wa mpaka. Watu wa kaskazini ya Tanganyika wamekuwa wakiishi juu ya mstari huo siku zote. Wao walisikia kwamba Kamanyola ni jina la kwao, kwamba Kiswahili kinachoimbwa ni cha Kongo kilichojifunza adabu za pwani, na kwamba magita yale yalitoka Katanga. Kusikia huko ni maarifa, na maarifa hayo yaandikwe kanda zikiwa bado zinazunguka.